Mwanatenge na Kiti cha Diwani

"Nani aliulizwa?"

Mwanatenge aliuliza hivyo mbele ya baraza zima la Kingoje, na baraza zima likainama kutazama kucha zake. Zilikuwa zama za madiwani, kabla mji huu haujawa na sheria inayostahili kuitwa sheria. Na aliyeuliza ni Mwanatenge binti Ngwali bin Mbwarali, Mgongo wa Mwamba, mjukuu wa wachokoaji pweza waliozikwa wote na vidole vilivyochanika, mwanamke aliyebeba mtumbwi begani kama wenzake wabebavyo mkeka.

Ugomvi ulikuwa juu ya hori, ule mkono wa bahari unaoingia hadi mlangoni mwa mji, ambamo Kingoje yote ilipata kitoweo. Diwani Mkumbaru alikuwa amempa tajiri mmoja hori hilo liwe lake peke yake, aroweke humo ngozi za ng'ombe, na tayari maji yalikuwa yamefanya utando wa mafuta, manyoya yakielea pamoja na funza, pweza wakitolewa mashimoni wakiwa wamelegea kama kamasi. Inatia kinyaa hata kusimulia. Lakini uozo mkubwa zaidi ulikuwa namna sheria yenyewe ilivyopita.

Maana desturi ilikuwa hivi: sheria ya maji haikuwa sheria mpaka mpiga mbiu apulize pembe uwanjani na kuuliza mara tatu, "Mwenye neno?", na kimya kilihesabiwa kuwa ridhaa. Naye Mkumbaru, mwerevu wa kunuka, akaagiza mbiu ipigwe asubuhi ya bamvua, bahari inapokupwa hadi mwisho, saa ambayo kila anayelijua hori yuko mwambani ameinama.

Mpiga mbiu Faki alipobanwa alijitetea: "Niliuliza mara tatu, dada yangu. Aliyekuwepo ni beberu wa Bi Zume, naye hakupinga." Waheshimiwa wakacheka hadi vilemba vikalegea, na Diwani akaongeza kwamba mambo ya utawala hayajadiliwi na watu wanaonuka pweza. Wanuke nini, jamani, marashi?

Mwanatenge, Asiyepinda Shingo, hakubishana. Alingoja bamvua la pili, akaingia barazani, akatia bega chini ya kiti cha mpingo alichokalia Diwani, akakinyanyua naye akiwa juu yake, akateremka naye ufuoni, akavuka tope na utando uliomganda miguuni, Faki akitweta nyuma na pembe yake, hadi ukingo wa mwamba ambako watu mia tatu walikuwa kazini.

"Uliza sasa," akamwambia Faki.

Faki akauliza, na mbiu ikajibiwa. Mmoja akaonyesha mazalio ya samaki, mwingine akataja miezi ambayo hata wao wenyewe hawavui. Bi Zume, mwenye jicho moja na beberu wake, akaeleza jambo ambalo hakuna mheshimiwa aliyelijua: maji ya hori hayatoki kwenda bahari kuu, huzunguka siku mbili kisha hupenya chini kwa chini hadi visima vya mji.

"Kwa hiyo, baba, ngozi hizo unazinywa."

Diwani akajitapikia kanzu. Maji yalipoanza kujaa akasema yatosha, waliobaki watasikilizwa siku nyingine. Mwanatenge akakipandisha kiti begani tena, Diwani juu yake, akatamka: "Sheria ya maji itasikilizwa majini, hadi wa mwisho." Maji yakamfika Mwanatenge magotini, kiunoni, kidevuni, huku kila aliyekwisha kusema akipanda mtumbwini. Wa mwisho aliponyamaza, Mkumbaru akatangaza mbele ya wote kwamba hori ni la Kingoje na ngozi zitolewe. Mtumbwi ukampokea. Walipogeuka kumchukua Mwanatenge, palikuwa na maji matupu.

Hana kaburi. Alichotuachia ni hiki: Kingoje haipitishi sheria ya maji ila siku za maji mafu, bahari isipokupwa hadi mwambani, wachokoaji wakiwa majumbani, na mpiga mbiu haondoki mpaka ayarudie yote aliyoyasikia na aseme lipi limeifikia sheria na lipi limekataliwa, na kwa nini. Kimya hakihesabiwi tena.

Na sisi wajukuu? Tangazo la kikao linabandikwa, tunalibandua tukafungia maandazi, kisha tunalalamika kwamba hatukushirikishwa. Aibu.

Rasimu mpya ya sheria ya ufuo itasomwa Jumanne, saa tatu asubuhi, ukumbi wa shule. Naomba uje, useme unachokijua.