Mpishi Aliyemzidi Mwanamvua

Mwanamvua alikuwa mpishi wa Bwana Kirobo, tajiri mwenye vibanda vyote vya sokoni. Siku moja aliomba kuacha kazi, apewe kibanda kimoja auze pilau yake mwenyewe.

"Utakipata siku utakaponiletea mpishi anayekuzidi," tajiri alijibu, akijua mji mzima hakuna.

Kesho yake Mwanamvua alimwandalia sahani mbili za pilau. "Hii nimepika mimi. Hii kapika yeye."

Ya kwanza ilikuwa chumvi tupu. Ya pili Bwana Kirobo aliila mpaka akailamba sahani.

"Huyu kakuzidi mbali," alisema, akamkabidhi ufunguo wa kibanda. "Aanze kazi leo. Yuko wapi?"

"Hataweza, bwana," alijibu Mwanamvua, akijifunga kanga. "Ndiyo kwanza umempa kibanda."