Ngiri Alivyopewa Nafasi za Pimbi

"Ngano niimwage, nisiimwage?"
"Imwage, tuipepete."
"Makapi ya nani?"
"Yako."
"Na punje?"
"Zetu."

Basi kaeni vizuri. Katika mbuga ya Mwambakuu aliishi Ngiri. Ninasema Ngiri, si nguruwe mwitu. Nguruwe mwitu ni mwingine na ana habari zake. Ngiri huyu alikuwa na meno mawili yaliyopinda kama mundu, shingo nene, tumbo lisilojua neno "basi", na mkia ambao siku hizo uliburura vumbi. Alikuwa na kidimbwi chake cha matope na shimo lake la kulala. Kitu kimoja tu hakuwa nacho: hakuwa Pimbi.

Pimbi ni yule mnyama mdogo wa mawe. Wengine humwita wibari, wengine kwanga, na wako wanaomwita sungura kwa kutojua tu. Jina ni Pimbi. Mtemi wa mbuga, Ndovu bin Tembo, alikuwa amemweka kuwa karani, apige chapa kwenye kompyuta ya baraza. Pimbi alikaa kivulini, mbele yake bakuli la karanga, vidole vyake vikienda chap-chap-chap, chap-chap-chap.

Twiga akipita huuliza, "Habari za kazi, karani?" Ngiri akasikia, roho ikamchoma: chwiii. Pundamilia akipita huinamisha kichwa, "Shikamoo, karani." Ngiri akasikia, roho ikamchoma: chwiii. Hata Kanga, msomaji wa baraza, ambaye hakuwa na kawaida ya kuamkia mtu, alimwachia Pimbi mbegu kidogo kila alipopita. Chwiii.

"Mimi nina meno haya," Ngiri akamwambia mkewe, "na yule hana hata mkia. Lakini anaamkiwa yeye."

Mkewe akamwuliza kama anataka kuamkiwa au anataka karanga. Ngiri akajibu kwamba anataka vyote: maamkizi, bakuli, kivuli na jina la karani, na Pimbi arudi kwenye mawe yake.

Ikawa Mtemi anafanya sherehe ya ukoo, na wakwe zake wanakuja. Pimbi akaandika historia ya ukoo, ikapangika vizuri, mstari chini ya mstari, aya chini ya aya. Mtemi akasema kwamba ikisomwa vyema, Pimbi atakaa kwenye kiti cha ukarani mpaka uzeeni; ikiharibika, atatoka siku hiyo hiyo.

Adhuhuri Pimbi akapanda mwambani kuota jua, kama ilivyo desturi ya pimbi wote. Ngiri akatoka kidimbwini, akaketi kwenye kiti, akaisoma historia. Ilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililomwuma. Kama angeikuta mbovu angekwenda zake. Akashika kitufe cha Kontroli kwa ukwato mmoja, akabonyeza Enta kwa mwingine. Ka! Ukurasa ukakatika, maneno yaliyobaki yakarukia ukurasa unaofuata. Akaona utamu. Ka! Akakata katikati ya aya. Ka! Akakata katikati ya sentensi. Pengine alikata mara mbili mahali pamoja, ukazaliwa ukurasa mweupe usio na hata nukta. Kisha akala karanga zote, akaenda zake.

Alasiri baraza likajaa. Pimbi, aliyeiamini kazi yake, hakuikagua tena. Akaichapisha, grr-grr-grr, akampa Kanga. Kanga akasimama, akakohoa, akasoma:

"Huyu ndiye Mtemi wetu, Ndovu bin."

Akafunua. Karatasi nyeupe. Akafunua. Nyeupe. Wakwe wakatazamana. Mtemi mzima, bin nani? Hata Fisi hakucheka.

"Karani," Mtemi akasema polepole, "mimi sina baba?"

Pimbi akaomba aitazame kompyuta kwanza. Akagusa alama ya aya, ile inayofanana na P iliyogeuza mgongo. Yote yaliyofichwa yakajitokeza: kila palipokatwa palikuwa na msururu wa nukta, na katikati ya nukta maneno, Mkato wa Ukurasa. Akaziona nukta. Akaona pia matope kwenye Kontroli, matope kwenye Enta, na bakuli tupu. Akashusha pumzi.

"Kumbe si neno," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kidimbwini. "Ni nafasi tu. Nafasi zimekuwa nyingi mno, na mimi ni mmoja. Laiti angetokea mwenye nguvu wa kuzichukua."

Masikio ya Ngiri yakasimama. Nafasi nyingi! Kumbe kajitu kale kana viti zaidi ya kimoja, kamevikalia kimya kimya, na kila kiti pengine kina bakuli lake. Chwiii. Akapenya katikati ya watu.

"Mtemi, nazitaka nafasi za Pimbi. Zote. Asipewe mwingine hata moja."

"Zote, Bwana Ngiri?" Pimbi akauliza. "Hutamwachia hata Nyani?"

"Nimesema zote."

Mtemi akamwuliza kama kazi yenyewe anaijua.

"Kukata kurasa? Nani asiyejua, Mtemi? Unashika Kontroli, unabonyeza Enta, umekwisha kata. Leo adhuhuri nimekata mpaka ukwato umeniuma."

Baraza zima likamgeukia. Ngiri akadhani wanamstahi, akatunisha shingo.

Mtemi akamwambia aiondoe hiyo mikato. Ngiri akabonyeza kama alivyojua. Ka! Ukurasa mwingine mweupe. Akabonyeza kwa nguvu zaidi. Ka! Pimbi akamwomba apishe kidogo. Akakiweka kile kijiti kinachopepesa kwenye kioo mbele ya msururu wa nukta, akabonyeza Futa. Fyu. Nukta zikatoweka, maneno yakapanda kuungana na wenzao. Msururu mwingine, Futa, fyu. Mwingine, fyu. Mpaka "Ndovu bin" akakutana na "Tembo" kwenye mstari mmoja. Kanga akasoma upya, wakwe wakapiga vigelegele, na Mtemi akampata tena baba yake.

Ndipo Pimbi akazikusanya zile karatasi nyeupe, akazinyoosha, akamkabidhi Ngiri kwa mikono miwili.

"Nafasi zako hizi, Bwana Ngiri. Hazina neno hata moja ndani. Umezitengeneza mwenyewe."

"Na karanga?"

"Umekwisha kula."

Mtemi akaamuru kwamba aliyeomba nafasi mbele ya baraza azitunze, na hata moja isipotee. Mara upepo ukaja, vuuu, karatasi zikaruka mbugani. Ngiri akazifuata mbio, mkia umesimama wima kama kile kijiti kwenye kioo. Karatasi ikitua, naye anakatiza mbio ghafla, anatazama huku na huku. Ikiruka, anaondoka tena. Mpaka leo ukimwona ngiri anakimbia mkia wima, kisha anasimama pasipo sababu, sababu ipo. Anatafuta nafasi.

Na mafunzo? Yapo. Msiwasikilize wanaosema wivu haufai. Ngiri alikuwa na wivu, akapata nafasi nyingi kuliko yeyote Mwambakuu, na mkia wake uliokuwa ukiburura vumbi leo husimama kama mlingoti wa bendera. Pimbi hakuwa na wivu, na mtazameni: hana mkia hata wa kufukuzia nzi.

Ngano yangu imekwisha pepetwa. Punje chukueni, makapi niachieni, na nafasi iliyobaki mpelekeeni Ngiri.