Bwana Harusi Aliyeingia Kwenye Seva

"Ukimwalika bwana harusi, uliza anakuja na nani." Ndivyo Shigela alivyomwambia Bahame sasa hivi, nanyi mkaangaliana na kuchekea viganjani. Bahame, toa kwanza kidole kwenye hicho kitufe. Toa, baba! Jesca, vuta kiti. Mko mafunzoni hapa ofisini tangu masika, methali hii mnaisikia kila siku, na leo ndiyo mara ya kwanza mtu kuuliza imetoka wapi. Haijatoka mbali. Imetoka humu humu, mimi nilikuwepo, na hata sasa nikiikumbuka mwili unanisisimka. Shigela mwenyewe yuko chumba cha pili anasikia. Acha asikie. Methali ilianza hivi.

Enzi hizo ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja tu hapa Maswa, nyuma ya ukumbi wa sherehe, na tulikuwa wawili, mimi na Shigela, tukitengeneza tovuti za kila aliyebisha hodi. Alikuwa kijana mwembamba, hodari kweli kweli, ila mikono haitulii. Kitu kikitoka leo, yeye alikitaka jana.

Mdogo wake, Limi, alikuwa mwendesha baiskeli. Jamani, Limi! Mnajua kwetu Usukumani baiskeli si mchezo, watu wanaacha shamba kwenda kutazama. Lakini kwenye mashindano yetu ya mavuno palikuwa na desturi moja ya kuudhi. Wanaume wakishamaliza mbio zao, makarani wa kupima muda wanafunga saa na kwenda kula, maana nyama imeshaiva. Wanawake ndipo wanaanza. Watashangiliwa, watapigiwa vigelegele, ila hakuna wa kuwapimia muda. Limi alikuwa ameshinda miaka na miaka, na ushindi wake wote ulibaki midomoni mwa watu.

Mwaka huo makocha wa timu ya mkoa wakatangaza kwamba wanatafuta wanawake, na kila anayetaka kuitwa alete muda uliopimwa. Limi hakuwa na hata dakika moja ya kuonyesha. Akaja hapa analia.

Shigela akaapa mbele yangu. "Makarani wanakula, Bi Milembe. Simu hazili!"

Tukajenga tovuti. Katika kila kituo barabarani anasimama msichana na simu yake, baiskeli ikipita anabonyeza namba ya mwendeshaji, muda unajiandika wenyewe, na mtu yeyote popote alipo anaona kwenye ramani nani yuko mbele. Mwenyekiti wa kamati, Mzee Lushinge, akaitazama kwa jicho moja. "Wanaume wataandikwa na makarani wangu kama kawaida," akasema. "Hao wanawake nawaachia ninyi. Ikigoma, msinifuate." Tukaijaribu wiki nzima, ikawa inateleza kama mlenda.

Sasa tegeni sikio, hapa ndipo penyewe. Tovuti hatuijengi kuanzia udongo. Tunachukua fremuweki, yaani nguzo na paa vilivyoundwa tayari na wenzetu, sisi tunaweka kuta na milango. Chini ya fremuweki ipo injini inayoiendesha, na pembeni zipo programu ndogo ndogo: ya ramani, ya saa, ya kutunza majina. Kila mmoja wao ana matoleo yake, na kila toleo lina wale linaoweza kukaa nao nyumba moja na wale lisiotaka hata kuwaona. Nyie mnadhani toleo jipya ni shati, unavaa tu!

Ijumaa mchana, mbio zikiwa kesho, fremuweki yetu ikatoa toleo jipya. Liliruhusu ramani ambamo baiskeli inatembea yenyewe. Unaiona inakata kona, unaiona inapanda mlima! Shigela akaruka kutoka kwenye kiti.

"Bi Milembe, njoo uone! Limi ataonekana akipanda kilima cha mwisho!"

"Mbio ni kesho, Shigela."

"Nimeshamaliza. Ona, inafanya kazi."

Na kweli, kwenye kompyuta yake ilifanya kazi, tena ilipendeza, sisemi uongo. Alichosahau ni kwamba kompyuta yake alikuwa ameiwekea injini na programu mpya siku nyingi, kwa kuchezea tu. Seva yetu, lile sanduku jeusi lililokaa juu ya kabati, ilikuwa bado na injini ya zamani. Na tovuti inayoangaliwa na watu inakaa kwenye seva.

Asubuhi ya mbio akahamishia kazi mpya kwenye seva, akafungua ukurasa. Mweupe! Hakuna ramani, hakuna jina, hakuna chochote.

"Inataka injini mpya tu," akasema. "Hiyo haina shida." Akaiweka. Fremuweki ikakubali, ramani ikagoma, maana ilikuwa imezoea fremuweki ya zamani. Akaleta ramani mpya. Ramani mpya ikasema haikai na programu ya majina mpaka nayo ibadilishwe. Akaibadilisha, saa ikasimama. Loo! Kila anayeingia anadai mwenzake! Huko nje wanaume walikuwa wameshaondoka, tunasikia spika ya mtangazaji ikitaja walio mbele, na tulijua fika kwamba wanaume wakirudi tu, wanawake wanaondoka.

Limi akaingia, keshavaa, kofia ngumu mkononi. "Kaka, vipi?"

Shigela hakugeuka. "Nairudisha kazi ya zamani. Ile ile ya juzi. Basi, ramani ya kutembea tuiache."

Nikashusha pumzi. Huo ndio uzuri wa kazi yetu, ya zamani haipotei. Akaandika amri, na vyote vikarudi: fremuweki ya zamani, ramani ya zamani, saa na majina kama vilivyokuwa. Akafungua ukurasa.

Mweupe.

"Haiwezekani!" akapiga meza. "Hii ndiyo iliyokuwa inafanya kazi! Sijaongeza hata nukta!" Akaisoma tena, akaisoma tena, jasho linamdondokea kwenye vitufe. Mimi nikaisoma, nami nikaona kila kitu kiko sawa. Limi akaketi sakafuni, akaanza kulegeza kamba za viatu vyake. Roho iliniuma, wanangu.

"Acheni tu," akasema. "Nitaendesha kama kila mwaka. Watashangilia."

Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa kwa kiwiko. Alikuwa shangazi yao, Ngolo, dada wa baba yao, ambaye siku hiyo alipika chakula cha mashindano pale ukumbini. Mnamjua mwenyewe, haingii mahali bila maneno.

"Mbona mmenuna kama mmenyimwa maharage? Mtoto anakwenda mbioni, mnamwagia nuksi!"

Shigela akamweleza haraka haraka, nusu analia: shangazi, nilileta kitu kipya kimoja, kikadai kingine, kile kikadai kingine, sasa nyumba nzima imevurugika.

Shangazi Ngolo akacheka mpaka akashika mlango. "Ala! Kama sendofu ya wiki iliyopita, tulipomuaga bibi harusi! Sisi tulimwalika bwana harusi, tukapika wali wa wageni wachache. Bwana harusi akaja na lori la fuso! Ndani ya fuso kwaya nzima! Mpambe kaja na mkewe, mkewe kaja na mama yake, na mama yake hali chumvi! Mtoto wa kaka yangu, ukimwalika bwana harusi, si uulize anakuja na nani?"

Tulicheka, tungefanyaje? Hata Limi alicheka na machozi yake. "Si aliondoka lakini, shangazi?"

"Bwana harusi aliondoka mapema. Kwaya ndiyo ikabaki! Mpaka kesho yake nawapikia uji!"

Shigela akaacha kucheka ghafla. Akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Kwaya imebaki!"

"Kwaya gani tena?" nikamuuliza.

"Injini, Bi Milembe! Injini! Nimerudisha kazi yetu, lakini injini si sehemu ya kazi yetu, inakaa kwenye seva yenyewe. Mpya bado imo! Fremuweki ya zamani haiwezi kukaa nayo. Bwana harusi kaondoka, kwaya yake imo ndani inakula!"

Ee Mungu wangu! Nilimrukia nikamkumbatia. Kisha nikamsukuma akae, maana nje kelele zilikuwa zimepanda, mwanamume wa kwanza alikuwa anaingia uwanjani. Akaing'oa injini mpya. Kuileta ya zamani ilibidi iteremshwe kutoka mtandaoni, na mtandao siku hiyo ulikuwa mzito, umati wote uko hewani. Nikawasha simu yangu nikampa mtandao wangu. Mstari ukawa unasogea, unasimama, unasogea. Shangazi kaganda na mwiko wake. Dirishani tuliwaona makarani wakikunja meza yao, na harufu ya nyama inawaita.

"Kaza viatu," Shigela akamwambia dada yake.

"Na isipokubali?"

"Limi, kaza viatu!"

Akakaza, akatoka mbio. Mstari ukafika mwisho. Shigela akafungua ukurasa, na mimi nilifumba macho, siogopi kusema. Nikasikia shangazi akipiga kigelegele humo ndani mpaka masikio yakaziba. Nikafumbua. Ramani hiyo! Haikuwa na baiskeli ya kutembea, ilikuwa na vidoti vyake vya kawaida, lakini majina yote ya wanawake yalikuwepo, na la Limi katikati yao. Nikatoka nje viatu mkononi, nikimpungia Mzee Lushinge simu: "Waachie! Waachie waende!"

Wakaondoka. Msichana wa kituo cha kwanza akabonyeza, na majina yakaanza kupanda mbele ya macho yetu. Kituo cha pili, Limi yuko mbele. Watu wakajazana nyuma ya mgongo wangu. Nikageuka, nani naona? Makarani! Wamekuja na sahani zao, nyama inapoa, wamekodoa macho kwenye simu yangu, na mmoja anapiga kelele kuliko wote, "Anampita! Yule wa Bariadi anampita!"

Na kweli alimpita. Kulikuwa na binti mgeni kutoka Bariadi, miguu ya chuma, akamtangulia Limi kwa tairi moja tu mstarini. Nikasema moyoni, taabu yote hii, na mwaka anaopimwa ndio mwaka anaoshindwa. Limi akaitupa baiskeli, akaja kwangu anahema.

"Imeandikwa?"

"Imeandikwa, mwanangu. Ila umekuwa wa pili."

Akaishika simu kwa mikono miwili, akausoma muda wake. Kisha akapiga ukelele. "Wa pili, na imeandikwa! Kaka! Wa pili, na imeandikwa!" Akamkimbilia yule binti wa Bariadi akamwonyesha jina lake, wote wawili wakaanza kurukaruka vumbini wakiwa wameshikana. Makocha waliwaita wote wawili.

Msiniambie sasa kwamba funzo lake ni kuogopa vipya. Bwana harusi ni mtu wa heri, bila yeye hakuna sherehe. Mashindano yalipopita, Shigela akalikaribisha lile toleo jipya, lakini safari hii alimuuliza kila mmoja: wewe unataka injini ipi, wewe ramani unakaa na nani? Akavijaribu vyote kwenye kompyuta nyingine iliyo sawasawa na seva, vikapatana, ndipo akafungua mlango. Mwaka uliofuata tulimwona Limi akipanda kile kilima kwenye ramani. Na makarani hawakwenda kula mpaka wanawake waliporudi.

Haya, Bahame, rudi kwenye kompyuta yako. Kabla ya kitufe, soma hapo chini kwa sauti. Enhe? Toleo hilo linataka injini mpya. Na seva ya zahanati inayosubiri kazi yetu ina injini ipi? Ya zamani! Unaona? Ulikuwa umebakiza kidole kimoja utuletee fuso zima hapa, na wagonjwa wamepanga foleni.

Unacheka sasa, eh? Cheka. Shigela, unasikia huko? Mtoto ameuliza kabla ya kubonyeza! Haya, semeni naye wote kwa sauti: ukimwalika bwana harusi, uliza anakuja na nani.