Sauti ya Baba na Kompyuta ya Fundi Hemedi

Isome taratibu, kisha mrushie mtu unayemjali.

Pale Korogwe palikuwa na fundi simu aitwaye Hemedi. Asubuhi moja alijiwa na binti mmoja, Nastazia, mkononi ana simu iliyozimika ikagoma kuwaka.

Nastazia alimweleza kwamba baba yake amepatwa na kiharusi na hawezi tena kusema. Sauti yake pekee iliyobaki imo ndani ya simu ile, aliyoirekodi Nastazia siku baba alipompa baraka za ndoa. Harusi ni Jumamosi, naye alitaka watu waisikie.

Hemedi akaichomeka simu kwenye kompyuta, akafungua programu yake ya kutengenezea simu. Programu ikasema haioni simu yoyote. Akabadilisha waya, maana ule wa kwanza ulikuwa wa kuchajia tu. Simu ikaonekana, lakini yakatokea maandishi mekundu: usajili wa programu umekataliwa. Akaingiza upya jina na nywila. Ikakataa. Akazima intaneti, akaiwasha. Ikakataa tena.

Ilibaki njia moja isiyohitaji usajili, nayo ni kufuta kila kitu kilichomo ndani ya simu.

"Dada, simu itawaka," alisema kwa upole, "ila itakuwa tupu."

Nastazia aliitazama kompyuta ya fundi.

"Baba alipoacha kusema, watu walidhani akili imepotea," alisema. "Kumbe akili ni nzima, mdomo tu ndio unaogoma. Fundi, una hakika ubovu uko kwenye simu yangu?"

Swali lilimchoma Hemedi, na kidogo akasirike. Lakini aliondoa kidole kwenye kitufe cha kufutia, akaanza kuikagua kompyuta yake mwenyewe. Pale chini pembeni mwa kioo, tarehe ilikuwa imerudi nyuma miaka mingi baada ya umeme kukatika usiku uliopita. Kwa hesabu ya programu ile, siku aliyojisajili Hemedi ilikuwa bado haijafika!

Akarekebisha tarehe. Usajili ukakubaliwa, na baada ya muda simu ikawaka. Nastazia akaitafuta rekodi, na sauti nzito ya mzee ikajaa kibandani: "Mwanangu, nenda kwa amani."

Nastazia akajifunika uso kwa mtandio, akalia huku anacheka. Hemedi akashusha pumzi ndefu, akaketi. Sasa alijua ni nini alichokaribia kukifuta.

Funzo: Kabla hujaamua kwamba mwenzako ndiye mwenye kasoro, jikague kwanza wewe. Mengi tunayoyatupa kwa haraka ni mazima.