Lori la Kwenye Katuni

Ndugu zangu, wekeni simu chini kidogo, hili nataka mlisikie. Alikuwepo mchora katuni mmoja, kazi yake kuzifanya picha zitembee kwenye kompyuta. Akapewa kazi ya kuwafundisha watoto kuvuka barabara. Katika katuni yake mtoto ananyoosha mkono, lori linasimama, mtoto anavuka. Basi, kamaliza.

Mwenzake wa ofisini akaitazama, akaguna. "Kaka, lori gani hili? Linakuja mbio, halafu linaganda papo hapo! Hilo lina mzigo. Ongeza picha pale mwishoni, lipunguze mwendo kidogo kidogo, kichwa kiiname, ndipo lisimame. Na mtoto asubiri."

"Aa, usinichoshe bwana. Katuni tu hiyo. Mtoto atajua nini?"

Jamani! Mtoto atajua nini?

Katuni ikaenda mashuleni, watoto wakaipenda kweli. Siku moja mchora katuni yuko dukani ananunua mkate. Kugeuka, anamwona binti yake wa darasa la kwanza ng'ambo ya pili, kashuka kwenye lami, kanyoosha mkono, anacheka. Na lori la mchanga linateremka mlima! Baba akatoka mbio. Mkate ukamdondoka. Anasikia breki zinalia, zinalia, na lori bado linakuja. Mungu wangu! Dereva akakata usukani, lori likaingia mtaroni, likalala ubavu. Watu wakamtoa dereva, mguu umevunjika. Vumbi linatulia, mtoto yuko palepale, mkono bado uko juu.

"Baba," akauliza, "mbona halikusimama? La kwako linasimama."

Wewe ungemjibu nini? Yule baba alikaa chini pale pale kwenye lami, akalia mbele za watu.

Msimcheke. Wachoraji wenyewe ni sisi. Mwenye chupa anasema, "Nikitaka kuacha, naacha." Mwenye nyumba ndogo anasema, "Siku nikiamua, imekwisha." Nani kawadanganya? Lori hilo tumelichora wenyewe, tukaliamini. Mazoea ya miaka yana mzigo, ndugu yangu, hayagandi papo hapo kwa sababu umetaka. Na unajua nani kasimama kule mbele yako barabarani? Ni mwanao. Kanyoosha mkono, anacheka, ana hakika utasimama. Kanyaga breki leo, ungali mbali naye.