Mapacha wa Mwanga na Ufunguo Mmoja

Sogeeni karibu, na wewe wa nyuma weka simu chini, maana leo nitakudai hukumu.

Palikuwa na watu watatu katika maabara ya chuo kimoja, wakitafuta kitu kidogo mno: punje ya mwanga, moja tu, itoke kila kengele ya mtambo inapolia. Shekue alijua kukuza fuwele, vijiwe angavu vinavyozaa punje hizo. Mwanakombo alijua kuunda jicho la kuzinasa. Nyamizi, asiyejua kutulia hata kitini, alijua kuzitengenezea njia.

Fuwele ilikuwa na kiburi. Ukiipiga mwali wa leza mara kumi, huzaa mara moja. Ukiilazimisha, huzaa mara mbili kwa mpigo mmoja na kazi yote inaharibika. Shekue akasema, "Basi nitakuza thelathini. Tuone kama zote zitagoma kwa pamoja!"

Lakini ipi imezaa? Bahati nzuri kila punje huzaliwa na pacha wake. Mwanakombo akaweka jicho kwenye kila fuwele, limnase pacha mmoja. "Huyo akinaswa," akasema, "mwenzake yuko njiani, nami nitawaambia katoka fuwele gani."

Nyamizi ndiye aliyehangaika. Malango yake, ya kuipitisha punje kutoka fuwele iliyozaa hadi tundu moja la kutokea, yalichelewa kufunguka; punje ilifika, ikakuta pamefungwa, ikapotea. Wiki tatu chai yake ilipoa mezani, akagombana na kila mtu, hadi alipoizungusha punje kwanza kwenye uzi mrefu wa kioo, lango lipate muda. Kengele ikalia, punje ikatoka. Ikalia tena, ikatoka. Wakakumbatiana huku machozi yakiwatoka.

Furaha haikumaliza siku. Mkuu wa chuo akaja na ufunguo wa maabara. "Nafasi ya kazi ni moja. Wawili wataondoka Ijumaa."

"Bila fuwele zangu hakizaliwi kitu, Mkuu," akasema Shekue.

"Na bila jicho langu, nani angejua afungue lango lipi?" akadakia Mwanakombo.

Nyamizi akaanza kuzunguka meza. Aliogopa, hakuwa na kazi nyingine popote, wala wenzake hawakuwa nayo.

Mkuu akamwekea ufunguo mkononi. "Punje imetokea kwako. Baki wewe, au mpe umtakaye. Saa kumi nataka jibu."

Sasa Nyamizi yuko mlangoni, anaugeuzageuza ufunguo. Wenzake wanamtazama, na hakuna anayeomba.

Je, punje ni ya aliyeizaa, aliyeitambua, au aliyeifikisha? Semeni! Saa kumi inakaribia. Wewe ungemkabidhi nani ufunguo ule, na ungewatazamaje machoni wale wawili?