Nyoka Katika Jina la Mama

Sogeeni karibu, na msisinzie, maana mwisho wa hadithi hii si wangu. Ni wenu.

Katika Misri ya kale, kwenye mji mmoja wa mafundi, alikufa mwokaji mikate aliyeitwa Nubnofreti. Aliacha watoto watatu. Ankhu, wa kwanza, alijua kuandika. Akichora jicho, ungedhani litapepesa. Hetepi, binti pekee, alifuma kitani chembamba cha kuonyesha vidole upande wa pili, na macho yake hayakupitwa na uzi uliokatika. Senebi, kitindamimba, alichonga mawe. Mwamba uliowashinda wengine yeye aliukata kama mkate.

Watu wa Misri waliamini kwamba marehemu huendelea kuishi akiwa na vitu viwili: mwili usiooza na jina lililoandikwa. Kimoja kikipotea, amekufa mara ya pili, na mara hiyo harudi.

Kwa siku sabini, mwili wa Nubnofreti ulipokuwa ukikaushwa kwa magadi na kutayarishwa, Ankhu alichora. Alishuka kaburini kila siku ya mapumziko, akaandika jina la mama yake na sala zake ukutani. Wino ulipokwisha alisaga udongo mwekundu kwa mikono yake.

Kwa siku hizo hizo sabini, Senebi alichonga. Chumba chote alikitoboa yeye ndani ya mwamba, kisha akaufuata wino wa kaka yake mstari kwa mstari, maana wino hufutika na jiwe hubaki. Vumbi lilimkaa kifuani, akawa anakohoa hata usingizini.

Na kwa siku hizo hizo sabini, Hetepi alifuma. Vitambaa vya kumviringishia mama yake, kuanzia vidole vya miguu mpaka utosi, vilitoka kwenye kitanda chake cha kufumia nguo. Nyuzi zilipopungua alilifumua vazi lake la harusi. Hakumwambia mtu.

Siku ya mazishi, Hetepi alitangulia kushuka ili atandike kitambaa cha mwisho. Akainua taa ukutani, pale alipojua pana jina la mama yake. Hakujua kusoma. Lakini umbo la nyoka alilijua.

"Kaka Ankhu! Shuka hapa sasa hivi!"

"Punguza sauti, waombolezaji wanasikia."

"Waache wasikie! Huyu ni nini?"

"Ni herufi, Hetepi. Imo ndani ya jina la Mama."

"Ina kichwa, ina pembe, ina mkia. Nyoka mzima! Unamfungia Mama chumbani na nyoka mzima?"

Ankhu akausogelea ukuta, akaikagua herufi. Maisha yake yote alikuwa amechora kwenye vyumba vya juu vya makaburi, wanamoingia walio hai, na huko nyoka huandikwa mzima. Huku chini desturi ni nyingine. Mlango ukishazibwa, kilichochorwa huamka. Kwa hiyo nyoka huchorwa amekatwa vipande viwili, asimdhuru marehemu. Hata mtoto wa mji ule alilijua hilo.

"Nimezoea juu," akanong'ona. "Mkono umekwenda wenyewe."

"Na wewe?" Hetepi akamgeukia Senebi, aliyekuwa ameshuka nyuma yao. "Umekaa na nyoka puani siku zote hizi!"

"Mimi nachonga ninachochorewa, dada. Nikimsahihisha Kaka, mtasema nimeota pembe."

"Mwenye pembe huyo hapo! Muue!"

Senebi akashika tindo. Akilikosea jiwe, jina lote lingemeguka. Akashusha pumzi, akagonga mara mbili tu. Shingo ya nyoka ikatengana na kiwiliwili, na jina likabaki linasomeka.

Jeneza likashushwa. Nyuma yake akaja kuhani, mtu wa haraka, anayesubiriwa na mazishi mengine. Akaupitisha mkono ukutani, akasimama kwenye mstari wa mwisho.

"Hapa pameandikwa: 'Mtoto aliyelihuisha jina lake ni…' Ni nani? Mmeacha nafasi ya jina moja. Jua likizama naziba mlango."

"Niliiacha kwa ajili yangu," alisema Ankhu. "Mimi ndiye mkubwa."

Hetepi akaielekeza taa usoni mwa kaka yake. Mwenye jina lililochongwa humo angekula meza moja na mama yao milele. Na hakuna kati yao ambaye angepata kaburi jingine la mwamba. Watu wa hali yao hufukiwa mchangani, bila jina.

"Bila mimi, lingekuwapo jina gani la kuhuishwa?" alisema Ankhu.

"Jina ulilolitilia nyoka!"

"Nyoka niliyemuua mimi," alidakia Senebi. "Na bila jiwe langu, sala zako zote ni madoa ya wino."

"Na mlimtazama nyoka siku sabini hamkumwona! Nisingeshuka mimi, Mama angeumwa usiku wa kwanza. Na huo mwili ulio kamili, mliufunga nyinyi?"

"Hapana," alisema Ankhu, naye sasa amekasirika. "Lakini hata herufi moja ya jina lake huwezi kuiandika."

"Upesi!" alifoka kuhani. "Mkipaacha wazi, mama yenu atahesabiwa hakuzaa."

Ankhu akachovya kalamu katika wino. Senebi akaweka tindo tayari. Hetepi, ambaye hakuwa na kalamu wala tindo, aliisogeza taa mpaka mdomoni.

"Andikeni jina la haki," alisema. "Mkiandika jingine, naipuliza, na hakuna atakayechonga gizani."

Juu yao, jua limegusa kilima. Kuhani anasubiri, kalamu inadondoka wino, na Hetepi amekwisha kujaza pumzi kifuani.

Basi nyinyi mliosikiliza, semeni kabla hajapuliza: lichongwe jina la nani?